Mtoto wa Ubungo na Ziara ya Kwanza kwa Daktari wa Meno

Wataalamu wa afya ya kinywa na meno ya watoto, wale wa Marekani na wale wa jumuiya ya kimataifa ya fani hiyo, wanashauri kwamba mtoto apelekwe kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza ndani ya miezi sita tangu jino lake la kwanza lichomoze, na kwa vyovyote vile kabla hajatimiza mwaka mmoja. Katika Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni na inayoanzia Manzese, Mabibo na Sinza hadi Kimara, Mbezi na Kibamba, ushauri huo huwashangaza wazazi wengi, kwa kuwa daktari wa meno anajulikana zaidi kama mtu wa kung'oa, anayefuatwa baada ya usiku kadhaa bila usingizi, wakati dawa za maumivu za dukani zimeshindwa kazi. Mtoto mwenye meno mawili, anayecheka na kunyonya vizuri, haonekani kuwa na sababu yoyote ya kupelekwa huko. Lakini ziara ya kwanza imewekwa mapema hivyo kwa sababu hiyohiyo, kwamba mtoto bado haumwi, na maandalizi yake kwa sehemu kubwa humhusu mzazi, bibi na msichana wa kazi kuliko yanavyomhusu mtoto mwenyewe.

Meno ya utoto huwa 20, kumi juu na kumi chini. La kwanza kuchomoza kwa kawaida ni kato la kati la taya la chini, karibu na mwezi wa sita, ingawa wako watoto wanaokaribia mwaka bila jino hata moja na bado wakawa wazima kabisa. Baada ya kato, yaani meno bapa ya mbele yanayokata chakula, hufuata magego ya kwanza ya kusagia, kisha chonge, yaani meno yenye ncha yaliyo pembeni mwa kato, ambayo hutoka kati ya miezi 16 na 23 hivi, na mwisho magego ya pili, hadi safu nzima ikakamilika mtoto akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu. Chini ya kila jino la utoto kuna chipukizi la jino la kudumu linalojijenga polepole ndani ya mfupa wa taya, kwa hiyo jeraha au usaha katika jino la utoto unaweza kuliharibu jino ambalo mzazi hataliona kwa miaka mingine mitano au kumi. Ile kauli ya kwamba meno hayo yataanguka tu, hivyo hayana haja ya kutunzwa, husahau kwamba gego la utoto hukaa kinywani hadi mtoto afikishe miaka 10 au 12, likimsaidia kula na likilitunzia nafasi jino litakalolirithi.

Kuoza kwa meno ya watoto wadogo huanza upesi kuliko watu wazima wanavyodhani. Enameli, yaani tabaka gumu jeupe linalolifunika jino, ni nyembamba zaidi katika meno ya utoto, na vijidudu vya kinywani, maarufu zaidi miongoni mwao kile kiitwacho Streptococcus mutans, hugeuza sukari kuwa asidi inayolilainisha tabaka hilo. Vijidudu hivyo humfikia mtoto kupitia mate ya wanaomlea, hasa pale mama au bibi anapomtafunia chakula au kuonja uji kwa kijiko kilekile anachomlishia, na mama mwenye meno mabovu yasiyotibiwa huwa na vingi zaidi vya kumgawia. Dalili ya kwanza si tundu jeusi bali ni mstari mweupe usiong'aa, karibu na ufizi, katika kato za juu, nao hauonekani mpaka mdomo wa juu uinuliwe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Hapa Tanzania jambo hilo lilichunguzwa kwa makini katika miaka ya 1990 na timu ya Mecky Matee, mtafiti wa chuo cha afya cha Muhimbili, iliyowaangalia watoto wadogo walionyonyeshwa na kuona kwamba kuoza kwa meno ya mbele kulihusiana na tabia ya mtoto kulala usiku huku chuchu ya mama ikiwa kinywani, na pia na kasoro ya enameli yenye sura ya mfereji mwembamba unaolikata jino kwa upana wake, kasoro inayotokea wakati jino bado linajijenga. Matokeo hayo yasisomwe kama hoja dhidi ya maziwa ya mama, ambayo yanabaki kuwa chakula pekee cha mtoto kwa miezi sita ya mwanzo na yanapaswa kuendelea hadi miaka miwili na zaidi. Yanachosema ni kwamba, meno yakishaota, mtoto aliyeshiba na kusinzia aondolewe kwenye ziwa, na kwamba chupa ya juisi, ya chai ya maziwa yenye sukari au ya uji mtamu isiingie kitandani hata kidogo.

Zipo nyumba nyingi, si za Ubungo pekee, ambamo mtu wa kwanza kukishughulikia kinywa cha mtoto hakuwa daktari bali mganga, na ni vigumu kuzungumzia ziara ya kwanza bila kulieleza hilo kwa kirefu. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno nchini wamekuwa wakiandika kuhusu kile ambacho wazazi hukiita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto wa miezi minne hadi minane hivi hupata homa, huharisha, hutapika na kukataa kunyonya. Mtu mzima mmoja humfungua kinywa, akaona fizi zimetuna na kuwa nyeupe pale chonge zitakapotokea, na hukumu hutolewa palepale kwamba yameota meno yasiyo ya kawaida, yatamuua yasipotolewa, na kwamba hospitali hawayajui. Kisha fizi hupakwa na kusuguliwa dawa za miti, au huchanwa kwa kisu, wembe, msumari au spoku ya baiskeli, na kilichomo hufukuliwa. Matee huyohuyo na mtafiti mwenzake van Palenstein Helderman waliandika mwaka 1991 kuhusu watoto waliofanyiwa hivyo na kasoro zilizofuata, na mwaka 1997 watafiti Kikwilu na Hiza wakachapisha uchunguzi wao juu ya uenezi wa vitendo hivyo na mazingira ya kijamii yanayovidumisha. Uganda jambo hilohilo huitwa ebiino, limeripotiwa pia Kenya na Ethiopia, na madaktari wa Ulaya na Israeli wamelikuta kwa watoto wa wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika, walipokuwa wakitafuta sababu ya mapengo yasiyoelezeka mahali pa chonge.

Kinachotolewa ni chonge la utoto lenyewe kabla halijakomaa: laini, jeupe, lisilo na mzizi, na kwa hiyo halifanani kabisa na jino ambalo watu wamezoea kuliona. Sura hiyo ndiyo inayompa mganga ushahidi wake, kwa kuwa mzazi huonyeshwa kiganjani kitu laini kama plastiki na hakosi kuamini. Madhara yake ni kutokwa damu kwa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji, maambukizi yanayoweza kuingia kwenye damu, pepopunda, hatari ya virusi vya UKIMWI pale kifaa kimoja kinapotumika kwa watoto wengi, na baadaye pengo la chonge, meno jirani yenye kasoro, na wakati mwingine jino la kudumu lililopinda au lisilotokea kabisa.

Haitoshi kuwaita wazazi hao wajinga, na kampeni zilizofanya hivyo zimewafundisha tu kuficha. Mzazi huona kwa macho yake kwamba mtoto ameanza kuharisha wakati fizi zinatuna, na kuona huko si kosa. Kosa ni sababu inayotajwa. Karibu na mwezi wa sita kinga ambayo mtoto alipewa na mama yake tumboni huwa imepungua, vyakula vya nyongeza huanza kutumika pamoja na maji na vyombo visivyo safi, na mtoto huanza kutambaa na kutia kinywani kila anachokishika, hivyo kuharisha na kuota meno hukutana katika msimu mmoja bila kimoja kuzaa kingine. Homa kali yaweza kuwa ya malaria, au ya maambukizi ya masikio au ya njia ya mkojo. Mtoto anayeharisha anahitaji kuendelea kunyonya, maji ya chumvichumvi ya ORS, vidonge vya zinki na kupimwa katika kituo cha afya. Na chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu 2013 dhidi ya moja ya sababu kubwa za kuharisha kwa watoto, imezuia maafa ambayo hakuna spoku ingeyazuia. Ndugu mdogo wa imani ya meno ya plastiki ni ile ya zamani ya Pwani iliyomhesabu mtoto aliyeota meno ya juu kwanza kuwa kigego, mwenye mkosi. Mpangilio wa kuota hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, na daktari akiulizwa atasema hivyo bila kupepesa macho.

Kuota meno kwenyewe huleta mate mengi, kuwashwa fizi, kulialia na joto dogo la mwili. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi yaliyochemshwa, au pete ya mpira ya kutafuna iliyooshwa vizuri, hutosha kwa watoto wengi. Jeli za ganzi zenye benzokaini hazifai kwa watoto wa chini ya miaka miwili, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi mwaka 2018 kwa kuwa zinaweza kuinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Dawa za maji za kuotea meno zisizojulikana zilikotoka ni hatari zaidi: mwaka 2008 nchini Nigeria dawa moja ya aina hiyo, iliyochanganywa na kemikali yenye sumu ya kiwandani, iliua watoto zaidi ya 80.

Maandalizi ya ziara basi huanza miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa kumzoesha mtoto kwamba kinywa chake huguswa kwa upole na mtu anayemwamini. Kabla ya meno kutoka, mlezi aliyenawa mikono huzungushia kidole kitambaa safi chenye unyevu na kuzifuta fizi mara moja kwa siku, hasa baada ya kunyonya kwa mwisho. Jino la kwanza likichomoza, kitambaa huacha nafasi kwa mswaki mdogo wenye nywele laini, unaotumiwa asubuhi na usiku, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoiimarisha enameli dhidi ya asidi. Kipimo ni kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, si mstari mzima unaopakwa kwenye matangazo ya televisheni, na dawa yenyewe iwe na floridi isiyopungua sehemu 1000 katika milioni, kiwango ambacho huandikwa kwenye boksi. Bibi ambaye huamini kwamba mtoto asiyejua kutema mate hapaswi kupakwa dawa ya meno hana haja ya kubishiwa sana. Aonyeshwe punje hiyo ya mchele.

Familia zenye asili ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, ambazo ni nyingi Kimara na Mbezi, zina swali la ziada la kumpelekea daktari. Maji ya baadhi ya maeneo ya mikoa hiyo yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia na enameli inayobanduka. Magadi ya kulainishia mboga na maharage nayo huongeza floridi hiyo. Mtoto anayepelekwa kukaa kwa bibi yake Meru kwa mwaka mzima hayuko katika hali sawa na wa Manzese anayekunywa maji ya Mto Ruvu, na daktari anayejua historia hiyo hutoa ushauri tofauti.

Upande wa chakula, orodha ya vitu vya kuepuka inajulikana na haihitaji kurudiwa kwa urefu: juisi za pakiti, soda, biskuti, ubuyu wa rangi na pipi. Kinachosahaulika ni uji. Uji wa lishe ukitiwa sukari kila asubuhi tangu mwezi wa saba humfundisha mtoto kwamba chakula kisicho kitamu si chakula, na ladha hiyo humfuata hadi shuleni. Kinachosahaulika zaidi ni dawa za maji za kikohozi na homa, ambazo nyingi zina sukari na hutolewa usiku, mtoto akalala nayo. Kijiko kimoja au viwili vya maji safi baada ya dawa husaidia kuisafisha, kwa mtoto aliyepita miezi sita.

Siku ya ziara ichaguliwe kwa saa ambayo mtoto huwa ameamka, ameshiba na amechangamka, ambayo kwa watoto wengi ni asubuhi, ingawa kwa mzazi wa Kibamba au Mbezi asubuhi ina maana ya kugombea nafasi kwenye daladala au mwendokasi, na pengine inafaa zaidi kuondoka baada ya saa tatu msongamano ukipungua. Kadi ya kliniki ichukuliwe, kwa kuwa ndani yake mna uzito, chanjo na magonjwa aliyowahi kuugua, pamoja na dawa zozote anazotumia. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo au selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu kuwa na umbo la mundu, atajwe mapema kabla daktari hajagusa kitu, kwa sababu maambukizi madogo ya kinywa yanaweza kumletea matatizo makubwa. Anayemleta awe ndiye anayemlisha: baba anaweza kumbeba vizuri sana, lakini kama msichana wa kazi ndiye anayepika uji na kutia sukari, yeye ndiye anayepaswa kusikia maelezo.

Ndani ya chumba, mtoto mchanga kwa kawaida hawekwi kwenye kile kiti kirefu. Mzazi na daktari huketi wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto akiwa amepakatwa na mzazi kifua kwa kifua; kisha hulazwa chali taratibu hadi kichwa chake kitue mapajani mwa daktari, huku mzazi akimshika mikono na mtoto akiendelea kuuona uso anaoujua. Daktari huinua midomo, huhesabu meno, hutazama fizi, ulimi na kaakaa, hutafuta mistari myeupe na ukoga, yaani ule utando laini wa vijidudu unaoganda juu ya jino, na mara nyingine hupaka vanishi ya floridi kwa brashi ndogo. Yote hayo huchukua dakika chache. Mtoto akilia si vibaya, kwani kilio humfungulia daktari kinywa, na mzazi aliyeambiwa hivyo mapema hatahisi aibu wala kukatiza kazi. Sehemu kubwa ya muda uliobaki ni mazungumzo, na humo ndimo mzazi anapopaswa kutaja wazi kama mtoto aliwahi kusuguliwa fizi au kutolewa meno ya plastiki, bila kuhofia kugombezwa.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu anayekwenda kwa mara ya kwanza kwa kuchelewa huhitaji maandalizi ya maneno, na kosa la kawaida majumbani ni lile la kumtisha mtoto mtukutu kwamba asipotulia atapelekwa kwa daktari akachomwe sindano. Mtoto aliyelelewa kwa tishio hilo huanza kulia getini. Inatosha kumwambia kwamba daktari atahesabu meno yake, kisha mzazi akayahesabu nyumbani mbele ya kioo kwa kidole. Sindano, ganzi na kung'oa visitajwe, hata kwa kukanusha, na ahadi ya pipi baada ya kazi isitolewe kamwe.

Kuhusu mahali pa kwenda, hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala, Amana na Temeke zina vitengo vya kinywa na meno, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shule inayofundisha madaktari wa fani hiyo, ambao huwatibu wagonjwa wakiwa chini ya usimamizi wa wakufunzi. Katika vituo vidogo anayepatikana mara nyingi ni tabibu wa meno, mtaalamu wa ngazi ya kati, naye anatosha kabisa kwa ziara ya kwanza ya mtoto mzima. Bingwa wa meno ya watoto huhitajika pale tatizo linapoonekana. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wapate huduma bila malipo katika vituo vya umma, lakini mzazi afanye busara ya kuuliza mapokezi ni nini kinachohusika kabla ya kutumia nauli.

Njia nyepesi ni kuiunganisha ziara hiyo na safari ambayo mzazi wa Ubungo huifanya hata hivyo. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na wakati huo wengi huwa na jino moja au mawili. Mzazi anayekwenda kliniki kwa ajili ya sindano hiyo amwombe muuguzi amwinulie mtoto mdomo wa juu, amwonyeshe jinsi ya kutazama, na amwandikie kwenye kadi jina la kituo cha karibu chenye kitengo cha kinywa na meno.